Neno Limefutwa, Kazi Imebaki: Kuondoa Misimamo ya Wema na Uovu Mezani

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya waongozaji na wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake, mwongozaji husimulia dunia, na dadu huamua mambo. Yamewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale walioshindwa kufika.)

Ndugu waongozaji, ndugu wachezaji, na wewe uliyefika leo kwa sababu rafiki yako amekuvuta mkono: karibuni sana. Wakubwa, shikamooni. Walioko nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nizungumzie kisanduku kimoja. Kipo kwenye karatasi ya mhusika, karibu na jina, na kinauliza: huyu ni mwema au mwovu? Ni wa sheria au wa vurugu? Mezani tunakiita alaimenti. Leo nitakiita msimamo, maana ndicho kinachodai kueleza: mtu amesimama wapi.

Wengi wetu tumeshajaribu kukiondoa. Tumefanyaje? Tumechukua kalamu, tumepiga mstari, basi. Vikao viwili baadaye kuhani anasoma dua ya kujikinga na uovu, halafu anauliza, "Sasa hii inanikinga na nani?" Meza nzima inamgeukia mwongozaji, na mwongozaji hana jibu. Kwa nini hana? Kwa sababu neno limefutwa, kazi imebaki. Naomba mshike maneno hayo, nitayarudia mpaka mchoke: neno limefutwa, kazi imebaki.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Turudi nyuma kidogo, kwa sababu huwezi kung'oa jino usilojua mizizi yake imekwenda wapi.

Dungeons & Dragons , mchezo wa kuigiza mezani ambao ndio nitakaouzungumzia zaidi leo, ulipotoka mwaka 1974, watunzi wake Gary Gygax na Dave Arneson hawakuwa na visanduku tisa. Walikuwa na safu tatu tu: Sheria, Kati na Vurugu. Mchezo ule ulizaliwa miongoni mwa watu waliokuwa wakipigana vita vya mezani kwa vinyago vidogo vya askari, na vitani swali la kwanza ni moja: huyu ni wa jeshi gani? Safu zile zilikuwa orodha za majeshi. Maorki, viumbe wapiganaji wa kubuni ambao leo kila mtu anadhani walizaliwa waovu, mwaka 1974 waliandikwa kwenye safu mbili, Kati na Vurugu. Binadamu waliandikwa kwenye zote tatu. Je, kuna aliyesema orki ana roho mbaya? Hakuna. Ilikuwa bendera tu.

Februari 1976 Gygax akaandika makala kwenye jarida la The Strategic Review, akachora mstari wa pili, wa Wema na Uovu, ukakatiza ule wa Sheria na Vurugu. Mwaka 1978 kitabu cha wachezaji cha Advanced, toleo lililopanuliwa la mchezo huo, kikatoka na visanduku tisa. Hapo ndipo bendera ilipogeuka kuwa hukumu ya moyo wa mtu. Na hukumu ikapewa adhabu: kwa kitabu cha mwongozaji cha mwaka 1979, mhusika anayebadili msimamo anapoteza ngazi nzima, yaani hatua moja ya nguvu alizochuma mchezoni. Toleo la pili, mwaka 1989, lililegeza kidogo: aliyebadili msimamo alitakiwa kuchuma pointi za uzoefu mara mbili ili kupanda ngazi inayofuata. Tena kila msimamo katika toleo la 1978 ulikuwa na lugha yake! Watu wawili wema wa sheria, kutoka pembe mbili za dunia, wakikutana wanaelewana. Na mmoja akibadilika moyo? Anaisahau lugha. Fikirini hilo. Mtu anakasirika, anamtenda vibaya jirani yake, na asubuhi hawezi tena kuongea kama jana.

Kwa hiyo kisanduku hiki kimebeba kazi tatu. Ni bendera: kinasema nani adui. Ni ufunguo: kinafungua na kufunga dua, silaha na hata aina ya mhusika unayeruhusiwa kucheza. Na ni rungu: kiko mkononi mwa mwongozaji, kwa ajili ya mchezaji anayefanya visivyo. Bendera, ufunguo, rungu. Ukifuta neno bila kuangalia kazi hizi tatu, hujaondoa kitu.

Tuanze na ufunguo, maana ndio unaovunja mchezo usiku huohuo.

Chukueni meza inayocheza kwa sheria za toleo la mwaka 2003, lile la tatu na nusu. Mwongozaji amehangaika wiki nzima kuandaa mkasa wa mauaji katika mji mdogo wa bandari. Ana mashahidi sita, barua iliyochanwa, na kisu kilichotupwa kisimani. Paladini, yaani shujaa mtakatifu mwenye kiapo, anaingia sokoni, anasimama, anasema, "Natambua uovu." Nguvu hiyo haimgharimu chochote, anaitumia wakati wowote. Inafika futi 60 mbele yake, mfano wa mwanga wa kurunzi unavyotawanyika. Mzunguko wa kwanza inamwambia kama uovu upo. Wa pili, ni waovu wangapi. Wa tatu, ni nani na yuko wapi. Mizunguko mitatu, sekunde sita kila mmoja, jumla sekunde 18. Kidole kinamwangukia mpika sabuni. Mpika sabuni anakamatwa, wachezaji wanapongezana, mashahidi sita hawakuulizwa neno.

Na mpika sabuni hakuua! Ni mtu mchoyo, anapunja mizani, anawafukuza mayatima mlangoni, ndiyo maana karatasi yake imeandikwa mwovu. Aliyeua ni mjane mmoja, kwa woga, mara moja tu maishani. Msimamo wake ni wa kati, na ile nguvu ilimpita kama hayupo. Mnaona? Ufunguo umefungua mlango usio wake, na ule mlango wenyewe umebaki umefungwa.

Sasa tazameni upande wa pili, ule wa madhara. Katika toleo hilohilo iko dua ya ngazi ya 7, Neno Takatifu. Kuhani anaipata akifika ngazi ya 13. Inawapata wote wasio wema walio ndani ya futi 40 kutoka alipo. Soma vizuri: haikusema waovu, imesema wasio wema. Mwenye dadu za uhai, yaani kipimo cha nguvu ya kiumbe, pungufu ya ngazi ya kuhani kwa 10 au zaidi anakufa, na hapewi dadu ya kujiokoa. Kumi na tatu toa kumi, tatu. Basi kuhani amesimama uwanjani kijijini, mapepo yamemzunguka, anatamka Neno Takatifu. Mapepo makubwa yanapata uziwi na upofu. Wakulima wa kawaida, watu wa kati wenye dadu moja ya uhai, wanaanguka wamekufa, mama na kapu lake, fundi na nyundo yake. Kwa dua inayoitwa takatifu! Na mwongozaji aliyefuta misimamo kwa kalamu tu akasema "sasa inampata kila mtu" amezidisha: amewaongezea hatari hata wenzake wa kuhani waliosimama ubavuni mwake.

Dawa yake nini? Kaeni na karatasi mbili. Pitieni orodha ya dua na uchawi wa wahusika walioko mezani kwenu. Narudia, walioko mezani kwenu, msipoteze usiku kwa dua ambazo hakuna anayezisoma. Kila mnapokuta maneno wema, uovu, sheria au vurugu, jiulizeni: hii dua ilikuwa inamlenga nani hasa?

Zikiwa zinalenga viumbe wa ulimwengu mwingine, andikeni viumbe hao kwa majina. Ndivyo lilivyofanya toleo la tano mwaka 2014. Dua yake ya kutambua imebaki na maneno ya zamani katika jina lake, lakini kwa kazi haitazami moyo wa mtu hata kidogo. Inatambua aina sita za viumbe walio ndani ya futi 30: malaika, mapepo ya kuzimu, wafu wanaotembea, vibwengo, viumbe wa moto na maji na upepo na udongo, na wale wa maumbo yasiyo ya dunia hii. Dua ya kinga inafanya vivyo hivyo, kwa orodha ileile. Mpika sabuni anaweza kupita mbele yake asubuhi na jioni. Mkasa wa mauaji umepona.

Zikiwa zinalenga nia ya mtu, andikeni tendo mahali pa nia. Zamani uliandika mtego usemao "utalipuka akipita mwovu". Sasa andika "utalipuka akipita mtu aliyechomoa silaha", au "asiyetamka neno la siri". Kinachoonekana, ndugu zangu. Kinachosikika.

Na zile mbili-mbili za Sheria na Vurugu, zilizowekwa ili tu jedwali lijae, zitupeni. Hakuna atakayezililia.

Hapa pana kosa moja linalojirudia sana, na nataka nikae nalo kidogo. Ni upanga mtakatifu. Katika toleo la 2003, sifa ya utakatifu inahesabiwa kama nyongeza ya +2 katika bei ya silaha, na inaongeza dadu mbili za pande 6 dhidi ya waovu. Mwongozaji anafuta uovu, anasema, "Basi iongeze kwa kila mtu." Inaonekana haki. Lakini linganisheni. Sifa ya moto inahesabiwa +1, inaongeza dadu moja ya pande 6. Sifa ya baridi vivyo hivyo. Ukizichanganya umelipa +2 na umepata dadu mbili, sawa kabisa na upanga mtakatifu. Tofauti iko wapi? Viumbe wengi wana ukinzani dhidi ya moto, wengi wana ukinzani dhidi ya baridi. Utakatifu hauna wa kuupinga. Ukiufungulia kila adui, hakuna mpiganaji atakayenunua silaha nyingine tena. Kwa hiyo upanga huo ubaki dhidi ya mapepo na wafu wanaotembea, basi.

Lakini pigo la paladini dhidi ya uovu? Hilo lifungulieni wote. Paladini wa ngazi ya 5 analo mara mbili kwa siku, na linaongeza pointi 5 za madhara. Mara mbili! Haliwezi kuharibu mizani. Kanuni yangu ni hii: nguvu inayohesabiwa kwa siku, ifungulie kila adui; nguvu inayofanya kazi kila pigo, ifungie aina za viumbe.

Wanaocheza Pathfinder, mchezo mwingine wa jamii hiihii, wamerahisishiwa. Toleo lake la pili la mwaka 2019 bado lilikuwa na madhara ya wema, ya uovu, ya sheria na ya vurugu. Kuhani anarusha mkuki wa kiungu kumpiga mbwa mwitu, na mbwa mwitu ni mnyama, msimamo wake ni wa kati. Madhara? Sifuri. Na kama mungu wake mwenyewe ni wa kati kabisa, ule mkuki hawezi hata kuurusha. Novemba 2023 Paizo, wachapishaji wake, walitoa vitabu vilivyorekebishwa, na misimamo yote tisa ikaondoka. Mahali pa madhara manne wakaweka moja, madhara ya roho, yanayompata yeyote mwenye roho. Halafu wakabakiza alama mbili: takatifu na najisi. Alama hizo anapewa aliyewekwa wakfu kwa vita hivyo, na mapepo yana udhaifu dhidi ya kilicho kitakatifu. Mtu wa kawaida hana alama yoyote. Mnaona uzuri wake? Vita vya mbingu na kuzimu vimebaki vizima, lakini muuza samaki hakuandikishwa jeshini bila ridhaa yake.

Mnaocheza toleo la tano la Dungeons & Dragons, msidhani mmemaliza. Vimebaki vipande vidogo vya misimamo vimejificha. Dua ya Roho Walinzi katika kitabu cha 2014 inatoa madhara ya nuru kwa mwema au wa kati, na ya mauti kwa mwovu: mwacheni mchezaji achague moja siku anapojifunza, lisibadilike tena. Rakshasa, pepo mmojawapo wa mchezo huo, katika kitabu cha 2014 ana udhaifu dhidi ya silaha ya uchawi yenye ncha iliyoshikwa na mtu mwema: andikeni silaha iliyobarikiwa na kuhani, tena mumfanye kuhani huyo awe mgumu kumpata.

Haya, ufunguo tumeumaliza. Tuje kwenye rungu.

Paladini wa mwaka 1978 alikuwa na sheria kali. Akifanya tendo la uovu kwa kujua, anaupoteza upaladini, na haurudi tena maisha. Akifanya tendo la vurugu, aungame kwa kuhani wa ngazi ya 7 au zaidi, apewe kitubio. Wala haruhusiwi kuandamana na mhusika mwovu, na toleo la 2003 likarudia katazo hilo. Sasa mwekeni huyu meza moja na mwizi. Wamemkamata mlinzi wa ngome. Mlinzi amefungwa kamba, analia. Mwizi anamchoma kisu ili asipige kelele. Macho yote kwa paladini. Je, kunyamaza kwake ni uovu? Je, ni uovu kwa kujua? Je, mlinzi wa mfalme dhalimu anahesabiwa vipi? Dadu zimelala, chai inapoa, saa nzima inakwenda kwa ubishi ambao hauna mwisho, kwa sababu kitabu kimeuliza swali ambalo wanafalsafa hawajalimaliza, halafu kimemtaka mwongozaji alijibu kabla ya zamu inayofuata.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tumebahatika hapa. Pathfinder walipotafuta kitu cha kuweka mahali pa msimamo, waliandika maagizo na makatazo ya kila mungu, na kwa makatazo wakaazima neno la Kigiriki. Sisi tuna neno letu, na kila mtu humu ndani amelelewa nalo: mwiko. Mganga akivunja mwiko, dawa haifanyi kazi. Hakuna anayemwuliza mganga kama moyo wake ni mwema. Swali ni moja tu: umevunja, hujavunja?

Kwa hiyo kila mhusika mwenye nguvu za kupewa, paladini, kuhani, druidi (kuhani wa maumbile), mpeni maagizo mawili na miiko miwili. Isizidi hapo, haitakumbukwa. Na mwiko uandikwe hivi: uwe tendo, siyo sifa. "Usiwe katili" siyo mwiko, ni ubishi unaosubiri siku yake. "Usimuue aliyetupa silaha" ni mwiko. Kipimo chake ni mtu anayechungulia dirishani: je, bila kujua lolote la moyoni, angeweza kusema umevunja au hujavunja? Kama hawezi, andika upya.

Pili, mwiko umfunge mwenyewe tu. Mchezaji akikuletea "Hakuna atakayesema uongo mbele yangu", mrudishie. Huo haumfungi yeye, unawafunga wenzake. Andika "Sisemi uongo, na nikiulizwa na mwenye haki ya kuuliza, najibu." Sasa ni mzigo wake, na wenzake wana sababu ya kumtuma aende kununua mikate wakati wao wanamdanganya mlinda lango.

Tatu, mwiko ugongane na mchezo. Pimeni: mara moja katika vikao viwili au vitatu. Usipogongana kabisa, ni pambo. Ukigongana kila kikao, ni kitanzi, mchezaji ataomba mhusika mwingine.

Nne, na hili nawasihi: onyo kabla ya dadu. Mwongozaji aseme, "Hili linagusa mwiko wako. Unaendelea?" Mchezaji akisema ndiyo, ameamua akiwa macho wazi, na hapo ndipo hadithi inapokolea. Ukimsubiri atende halafu umnyang'anye nguvu, umemtega. Rungu limerudi mkononi mwako kwa jina jingine.

Adhabu nayo iwe ya kupanda polepole. Kuvunja mara ya kwanza, nguvu moja ndogo inalala mpaka jua lichomoze. Mara ya pili kabla ya kutubu, nguvu zote za kupewa zinalala mpaka atekeleze jambo la kitubio, na jambo hilo lichukue kikao kimoja, lisizidi. Kupoteza kabisa kuwe ni kwa makubaliano na mchezaji mwenyewe, akitaka hadithi iende huko.

Na wahusika wasio na mungu wala kiapo? Mpiganaji, mwizi? Hapa tazameni mchezo mwingine, Pendragon wa Greg Stafford wa mwaka 1985. Una jozi 13 za tabia: huruma na ukatili, ukweli na hila, usamehevu na kisasi, na kuendelea. Kila jozi inajumlisha 20. Huruma ikiwa 13, ukatili ni 7. Siku ya mtihani unarusha dadu ya pande 20. Ikitoka 13 au chini yake, huruma imekushika. Tabia zinapanda na kushuka kwa matendo. Jozi 13 ni nyingi kwa mchezo ambao haukujengwa juu yake. Chukueni mbili kwa kila mhusika, zile mbili ambazo mchezaji anaona zinapigana ndani yake.

Mtu ataniuliza, je, visanduku tisa havitoshi kueleza mtu? Nitawajibu kwa mtu tunayemjua wote. Mwekeni Fumo Liyongo. Anamkimbia mtawala: ni wa vurugu? Anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma inapigwa nje: ni mwovu? Haya, mwekeni mwanawe. Kijana ameahidiwa cheo na mke. Ana sindano ya shaba mkononi, baba yake amelala. Anasogea, anarudi nyuma. Anasogea tena, woga unamshika. Mkiandika "mwovu" kwenye karatasi yake, ule mkono unaotetemeka mmeufuta. Lakini andikeni tamaa 11, mapenzi kwa baba 9, mpeni mchezaji dadu, muone kama kuna mtu atakayepumua mezani.

Nakuja kwenye bendera, na hapa nitakwenda haraka.

Mnalijua lile swali la zamani: mashujaa wamelimaliza pango la maorki, nyuma ya pazia wanakuta watoto. Kitabu kimesema orki ni mwovu. Wafanyeje? Meza zimevunjika kwa swali hili. Ni swali baya, kwa sababu limezalishwa na neno lililoandikwa kwenye karatasi ya kiumbe. Mwaka 2020 Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, walisema hadharani kwamba maorki na drow, kabila la chini ya ardhi, wataonyeshwa kama watu wenye maadili na tamaduni changamano kama watu wengine, na Desemba 2021 wakaondoa mapendekezo ya misimamo kwenye maelezo ya makabila katika kitabu cha wachezaji. Wengine walilia kwamba sasa hakuna wa kupigana naye. Jamani! Historia yote ya binadamu ni watu wanaopigana bila kuzaliwa waovu.

Futeni "mwovu" kwenye karatasi ya kundi la maadui, mahali pake andikeni mistari mitatu. Wanataka nini leo? Wanaogopa nini? Watakimbia lini? Huo wa mwisho una chombo chake tayari, tangu seti ya Basic ya Dungeons & Dragons ya mwaka 1981: kila kiumbe ana namba ya ujasiri kati ya 2 na 12. Akifa wa kwanza wao, na tena wakianguka nusu, rusha dadu mbili za pande 6. Jumla ikizidi namba yao, wanakimbia au wanasalimu amri. Kundi lenye ujasiri wa 8 litavunjika kwa michanganyiko 10 kati ya 36, zaidi kidogo ya mara moja katika nne. Mkianza kuitumia, mapigano yatafupika, na mateka wataanza kuzungumza. Mateka anayezungumza anakuambia wanataka nini. Hapo una mkasa wa kikao kijacho bila kuandaa chochote.

Mapepo ya kuzimu je? Yaacheni yalivyo. Pepo limeumbwa kwa uovu kama moto ulivyo na joto. Kuondoa misimamo kwa watu hakumaanishi kwamba kila kitu duniani sasa ni kijivu.

Najua kuna hofu moja bado imekaa humu ndani. "Nikiondoa kisanduku, wachezaji wangu watakuwa majambazi." Nawauliza: kisanduku kiliwahi kuwazuia? Kwa meza nyingi ilikuwa kinyume. Mchezaji anamwibia mwenzake, ukimuuliza anasema, "Mimi ni wa vurugu, ndivyo mhusika wangu alivyo." Kisanduku kilikuwa kibali! Kikiondoka, hana pa kujificha. Inabidi ajibu kwa nini. Mnachohitaji ni vitu viwili. Kabla ya kikao cha kwanza kubalianeni kwa sauti mambo ambayo hayatafanyika mezani, mathalani kuibiana na kutesa mateka. Hayo ni makubaliano ya watu halisi, hayahusiani na wahusika. Na pili, wekeni namba ya sifa kwa kila mji, kuanzia -3 mpaka +3. Wakichoma ghala, inashuka moja. Kwenye -1 bei zinapanda, kwenye -2 hakuna anayewapa kitanda, kwenye -3 kuna askari langoni. Dunia inajibu yenyewe, na mwongozaji hahukumu roho ya mtu.

La mwisho, kwa walio katikati ya kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea kwa vikao vingi. Msibadilishe katikati ya pigano wala katikati ya shimo. Subirini kundi lifike mjini, tengeni kikao kimoja kifupi, saa moja na nusu inatosha. Anzeni na dua na silaha, kisha miiko, kisha jozi za tabia, maadui mwongozaji atawashughulikia nyumbani. Mkianza na maadui, kuhani ataingia pigano la kwanza na dua zisizo na wa kumlenga, na mtarudi palepale: neno limefutwa, kazi imebaki.

Sasa geuzeni zile karatasi zilizoko mbele yenu. Kila meza ina paladini mmoja wa ngazi ya 5, ameandikwa kwa sheria za 2003. Ndani yake kuna mistari isiyopungua mitano inayotegemea msimamo, na mmoja umejificha kwenye orodha ya dua zake. Itafuteni, muandike kila mmoja unalenga nani. Halafu mumpe miiko miwili, na meza ya jirani iisome kama mtu anayechungulia dirishani. Mna dakika 20. Kalamu ziko kwenye kopo.